Babu alifia Glasgow au Donegal? Majina mawili kwenye rejista mbili, naomba wajuvi wa nyaraka za Uskoti na Ayalandi

#1 BintiKorogwe
Salaam wakuu. Nipo Glasgow mwaka wa kumi na moja sasa, nimeolewa huku. Mama mkwe wangu ana miaka 81 na amenitwisha mzigo: nimtafutie babu wa baba yake alifia wapi. Wanawe wa kuwazaa wameshamkwepa, akaona mimi ninayekesha zamu za usiku na kompyuta mbele ndiye wa kutumwa.

Babu mwenyewe tumwite Owen McGowan. Alizaliwa kaunti ya Donegal, Ayalandi, upande wa Glenties, kama mwaka 1838. Ndoa alifunga Glasgow 1866, mke Mary Gallagher. Cheti cha ndoa ninacho: baba yake Hugh McGowan, mama yake Bridget Boyle, na penye saini kuna alama ya X. Sensa ya 1881 yupo Gorbals, hapahapa Glasgow, kibarua, mke na watoto wanne. Juni 1889 mwanawe mkubwa anaoa, jina la baba limeandikwa bila neno "marehemu". Sensa ya Aprili 1891, Mary ameandikwa mjane. Kwa hiyo amekufa kati ya hapo na hapo, chini ya miaka miwili. Kazi rahisi, nikasema.

Rahisi wapi! Nimempata mara mbili. Mmoja kafa Govan, upande wa Glasgow, Februari 1890. Mwingine kafa wilaya ya Glenties, Machi 1890. Wote Owen McGowan, wote vibarua, wote wenye mke. Mama mkwe anasema yeye alisimuliwa alikwenda Ayalandi kumwangalia mama yake mgonjwa, hakurudi. Shangazi yao mmoja alikuwa anasema alifia kwenye meli. Nishikilie lipi?

#2 Chumvi_Kidogo
Yaani dada umeolewa na ukoo mzima, walio hai na waliokufa. Nimeweka kiti hapa.

#3 Kibatari
Usipoteze hela yako. Nyaraka zote za Ayalandi ziliungua Dublin mwaka 1922, kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Huyo wa Govan ndiye wako, funga jalada.

#4 Mkaazi_wa_Dublin
Kibatari punguza kasi. Kilichoungua tarehe 30 Juni 1922 ni Ofisi ya Nyaraka za Umma pale Four Courts. Humo kulikuwa na sensa za 1821 hadi 1851, wosia, na zaidi ya nusu ya rejista za Kanisa la Ayalandi, yaani Waanglikana. Rejista za serikali za kuzaliwa na kufa hazikuwa humo, zipo tangu Januari 1864. Rejista nyingi za parokia za Kikatoliki nazo zilikuwa zimekaa kwa mapadre wao, hazikuguswa na moto. Sensa za 1861 na 1871 ni serikali yenyewe ilizichoma, na za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi wakati wa vita vya kwanza. Kwa hizo moto wa Dublin hauna kesi.

Na kuziona ni bure. Ingia IrishGenealogy, kifo kilichozidi miaka 50 unakuta picha ya ukurasa wenyewe.

#5 Kibatari
Sawa mwalimu. Nilisoma mahali.

#6 JaduongMtandao
Binti, Donegal si ndiyo kaskazini kabisa ya kisiwa? Basi umekosea ofisi. Nenda kwa msajili wa Belfast, wale wa Ayalandi ya Kaskazini wana mtandao wao wa kulipia.

#7 Mkaazi_wa_Dublin
Hapa huanguka kila mtu. Donegal iko kaskazini kwenye ramani, lakini iko ndani ya Jamhuri. Ayalandi ya Kaskazini ni kaunti sita tu, na Donegal haimo. Halafu 1890 kisiwa kizima kilikuwa na msajili mkuu mmoja Dublin, mgawanyo ulikuja 1921. Belfast hana lake hapo.

#8 JaduongMtandao
Kwa hiyo kusini kuna sehemu iko kaskazini kuliko kaskazini. Haya bwana, nimekaa.

#9 Mzee_wa_Jalada
Nimestaafu kazi ya masjala na ninafuatilia nyaraka za watu kama wengine wanavyofuatilia mpira. BintiKorogwe, kabla ya kubishana weka vyeti vyenyewe mezani. Cha Uskoti kitakusaidia zaidi, maana Waskoti walianza usajili 1855 na tangu siku ya kwanza cheti chao cha kifo kinataja wazazi wote wawili, mama kwa jina lake la kabla ya ndoa. Tangu 1861 kinataja na mwenzi. Cha Ayalandi cha wakati ule hakitaji mzazi wala mke: jina, umri, kama ana ndoa, kazi, ugonjwa, na aliyetoa taarifa. Basi. Tuambie huyo wa Govan mama yake ni nani.

#10 BintiKorogwe
Asante mzee. Ndiyo penye mwiba.

Govan: Owen McGowan, kibarua, miaka 50, mke Mary Gallacher (kwa c, kama Waskoti wanavyoandika). Baba Hugh McGowan, mkulima mdogo, marehemu. Mama Bridget Sweeney, marehemu. Homa ya mapafu, siku tisa. Mtoa taarifa James Gallacher, shemeji, kaweka X. Mtaa siujui, si ule wa 1881 wala wa 1891.

Glenties: Owen McGowan, ana mke, kibarua, miaka 55. Mkamba, wiki tatu, hakuna daktari aliyethibitisha. Mtoa taarifa Bridget McGowan, alikuwepo wakati wa kufa, kaweka X.

Kitu kimoja kilinichekesha saa tisa ya usiku. Ukurasa wa Uskoti una watu watatu tu, kila mmoja kapewa nafasi kama kiwanja. Wa Ayalandi una watu kumi wamebanana kama daladala ya Mbagala. Wazazi wangeandikwa wapi?

#11 Nyani_Haoni
Boyle na Sweeney ni watu wawili. Mama hawezi kuwa na koo mbili. Wa Govan si wako.

#12 Mzee_wa_Jalada
Nyani, taratibu. Jiulize aliyesema "Sweeney" ni nani. Ni shemeji, ndugu wa mke. Ukiulizwa leo jina la ukoo wa mama mzazi wa shemeji yako, unalijua? Mama wa Owen aliachwa Donegal miaka thelathini nyuma, huyu James labda hajamwona maishani. Msajili hakuwa na namna ya kuhakiki, alikuwa anaandika anachoambiwa. Kwenye cheti cha kifo mwenye habari zote ndiye pekee asiyeweza kuulizwa. Mimi cheti cha ndoa nakiamini zaidi kwa wazazi, kwa sababu mhusika alikuwepo. Baba Hugh na mke Mary wamelingana. Hiyo siyo kidogo.

#13 Mkaazi_wa_Dublin
Mzee nakuheshimu, lakini Hugh McGowan na Mary Gallagher huko Donegal ni kama Juma na Mwanaisha. Gallagher ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote kaunti ile. Glasgow ya 1890 ilijaa watu wa Donegal, meli ya kutoka bandari ya Derry ilikuwa inawashusha Broomielaw, gati ya Glasgow, kama basi la abiria. Kuwa na Owen wawili wenye wake wawili wanaoitwa Mary si muujiza.

#14 Mama_Zuu
Mimi swali dogo. Huyo Bridget McGowan aliyekuwepo Glenties si ndiye mama mgonjwa aliyekwenda kumwona? Jina ndilo hilo. Mgonjwa akapona, aliyekuja kumtazama akafa. Kwetu yametokea.

#15 Nyani_Haoni
Mama Zuu umeupiga mwingi.

#16 Mkaazi_wa_Dublin
Inawezekana. Owen ana miaka 52, mama anaweza kuwa na sabini na kitu. Ila uhusiano haukuandikwa. Anaweza kuwa dada, mke wa kaka, au hata mke wa marehemu mwenyewe, na kama ni mke basi huyo si wako kabisa. Kila nyumba ilikuwa na Bridget.

#17 Chumvi_Kidogo
Huo umri unanitatiza. 1838 mpaka 1890 ni 52. Mmoja kaandikwa 50, mwingine 55. Hamna hata mmoja anayejua hesabu?

#18 Mzee_wa_Jalada
Umri wa Mwairishi wa karne ile ni makisio, usiuegemee. Kisa mashuhuri: pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909, kwa waliofika miaka 70. Sasa linganisha sensa ya 1901 na ya 1911. Kuna watu ndani ya miaka kumi wamezeeka miaka kumi na tano. Usajili wa kuzaliwa ulianza 1864, kwa hiyo mzee hakuwa na cheti. Watu wakawa wanaomba kupekuliwa kwenye sensa za 1841 na 1851, ambazo wakati huo hazijaungua, kuthibitisha kwamba walikuwa wameshazaliwa.

#19 Chumvi_Kidogo
Kumbe umri wa mpira haukuanzia kwetu.

#20 Fundi_Kinyozi
Wote mnamtafuta McGowan. Je, kama aliandikwa kwa jina lingine? McGowan kwa Kiairishi ni Mac Gabhann, maana yake mwana wa mhunzi, na kuna walioligeuza wakawa Smith. Owen nalo ni Eoghan, makarani wengine waliandika Eugene. Tafuta Eugene Smith. Babu yangu Pangani karani wa Mwingereza aliliandika jina lake kwa namna tatu kwenye karatasi tatu za kodi, na zote alizilipa.

#21 Mkaazi_wa_Dublin
Kugeuza McGowan kuwa Smith kulishika sana kaunti ya Cavan. Donegal wengi walibaki McGowan. Lakini ulilosema kuhusu Eugene ni la kweli, asilidharau. Na kwenye ScotlandsPeople, mtandao wa nyaraka za Uskoti, weka nyota, M\*GOW\*N, itamnasa McGowan, MacGowan na McGowen kwa mpigo. Kule Mc na Mac ni vitu viwili tofauti.

#22 BintiKorogwe
Nimefanya. Kila picha ni krediti 6, pauni moja na nusu. Nimefungua kumi na moja. Mume wangu ameuliza kwa upole kama marehemu ana mpango wa kutulipa.

Eugene Smith hakuna wa umri huo kwenye miaka hiyo.

#23 JaduongMtandao
Na ya meli je? Shangazi hakuzua tu.

#24 Mzee_wa_Jalada
Uskoti ina rejista ya waliofia baharini tangu 1855, ipo kwenye mtandao huohuo chini ya rekodi ndogondogo. Itazame, lakini usitegemee sana. Safari ya Derry hadi Glasgow ni ya usiku mmoja. Mtu akizidiwa melini mara nyingi alishushwa akafia bandarini.

#25 Kibatari
Mimi nadhani shangazi kachanganya na ajali. Kuna mashua ilizama kisiwa cha Arranmore, Donegal, na watu waliokuwa wanatoka kuvuna viazi Uskoti. Wakafa 19, akabaki mmoja.

#26 Mkaazi_wa_Dublin
Hiyo ni Novemba 1935 Kibatari, miaka 45 baadaye. Safari hii tarehe imekuponyoka, tukio umelipatia. Na inawezekana kweli shangazi alikua akisikia habari ile akaiunganisha na ya babu. Miaka miwili baadaye, Septemba 1937, vijana kumi wa kisiwa cha Achill, Ayalandi, wakaungua kwenye kibanda cha wavunaji pale Kirkintilloch, jirani na Glasgow. Familia za huku hazikosi hadithi ya mtu aliyekwenda Uskoti au aliyetoka Uskoti akafia njiani.

#27 Kibatari
Angalau nusu maksi.

#28 Mama_Zuu
Tukiwa kwenye kufa bila cheti: baba yangu mdogo alifariki Handeni 1974, hakuna karatasi hata moja. Ushahidi wetu ni mwembe uliopandwa kichwani mwa kaburi. Juzi mtu kataka kuukata, nusura tuuane.

#29 Nyani_Haoni
Mwembe hauandiki Sweeney badala ya Boyle.

#30 Kaka_wa_Leeds
BintiKorogwe, mimi nilimtafuta babu wa mke wangu (wao ni wa Mayo). Nililipa mtafiti mmoja, jina sitaji, akaniletea cheti cha mtu mwingine na mti wa ukoo wenye rangi nzuri. Nilichojifunza: achana na kifo kwanza, mfuate mjane. Mary alibaki na watoto bila kipato. Uskoti wa wakati ule angekwenda parokia kuomba msaada wa maskini. Maombi ya Glasgow yapo maktaba ya Mitchell, ghorofa ya nyaraka za jiji, na inspekta alikuwa anauliza kila kitu: umezaliwa wapi, mume yuko wapi, watoto wangapi. Kwa Waairishi walidadisi zaidi, maana asiyetimiza miaka mitano ya kukaa angeweza kurudishwa kwao kwa meli.

#31 Mzee_wa_Jalada
Nakazia. Hili ndilo bora kuliko yote yaliyosemwa humu, na yangu yakiwemo.

#32 Fundi_Kinyozi
Tupe mrejesho dada. Wengi wakishapata wanatuacha njia panda.

#33 BintiKorogwe
Samahani wakuu kwa ukimya wa wiki tatu. Nilikwenda Mitchell siku yangu ya mapumziko. Nyumbani ni dakika ishirini kwa basi, na miaka yote hii nilikuwa nalipita tu lile kuba la kijani.

Mary yupo. Ombi la Januari 1890, Gorbals. Mwandiko wa inspekta ni wa haraka, wino umekolea penye vituo kama vile alikuwa anaikandamiza kalamu akisubiri jibu. Amezaliwa Donegal. Watoto watatu wanaomtegemea. Na mume: "ameondoka Novemba kwenda Ayalandi, hajulikani alipo." Pembeni mtu mwingine, kwa wino mwingine, kaongeza neno moja: "mjane". Bila tarehe.

#34 Mama_Zuu
Nilisema! Glenties.

#35 Nyani_Haoni
Mama Zuu chukua kombe lako.

#36 Kaka_wa_Leeds
Msikimbilie. Mimi nasoma tofauti. Sheria ya maskini ya Uskoti haikumpa haki ya msaada mwanaume mwenye nguvu zake asiye na kazi, wala familia yake kupitia yeye. Mke mwenye mume mzima nyumbani angerudi mikono mitupu. Mke aliyetelekezwa na watoto alisikilizwa. Sasa Owen hana kazi, Januari, baridi, watoto wana njaa. Wewe ungesema mume yuko wapi? Anahamia kwa shemeji James kule Govan, ng'ambo ya mitaa michache, Mary anamwambia inspekta kaenda Ayalandi. Mwezi unaofuata anashikwa na homa ya mapafu anafia hukohuko kwa shemeji. Ndiyo maana mtaa haufanani. Ndiyo maana aliyekwenda kuandikisha ni shemeji na si mke! Na hadithi ya Ayalandi ikabaki kwenye familia kwa sababu watoto walifundishwa kuisema.

#37 Chumvi_Kidogo
Duh. Hii imenigusa.

#38 Mkaazi_wa_Dublin
Nzuri sana, na haina ushahidi hata chembe. Ila nami nimechokoza kwingine nikapata kitu kibaya zaidi. Sensa ya Ayalandi ya 1901, bure, kila mtu anaweza kuiona. Upande huohuo wa Glenties kuna Owen McGowan, miaka 60, hajui kusoma, anaongea Kiairishi na Kiingereza, anaishi na dada yake. Kwenye hali ya ndoa kaandikwa ana mke. Mke nyumbani hayumo. Sensa ya 1911 yupo tena, ana miaka 74.

#39 Fundi_Kinyozi
Kazeeka miaka 14 ndani ya 10. Pensheni hiyo!

#40 JaduongMtandao
Yaani hakufa?! Mzee alihepa!

#41 Nyani_Haoni
Nilikuwa na babu mmoja, akawa wawili, sasa watatu. Tukiendelea hivi tutapata timu.

#42 Mzee_wa_Jalada
Taratibu. Owen wa 1901 aweza kuwa mtu ambaye mke wake usiku wa sensa alikuwa kibaruani au kwa bintiye. Njia ya kupunguza: daftari za marekebisho za tathmini ya ardhi, zilizofuata tathmini ya Griffith, ile ya karne ya 19 iliyoorodhesha wakaaji wa ardhi Ayalandi nzima. Mpangaji akifa au akihama, karani alikata jina kwa wino wa rangi na kuandika la mrithi na mwaka. Tafuta shamba la Hugh McGowan. Ukiona Hugh kakatwa kaingia Owen baada ya 1890, unajua kulikuwa na Owen hai wa nyumba ile.

#43 Mkaazi_wa_Dublin
Hizo za Donegal ziko Dublin, ofisi ya tathmini. Nitapita wiki ijayo, sina ahadi. Tatizo, hatujui kijiji. Hugh McGowan kwenye Griffith wilaya ile si mmoja.

#44 Kaka_wa_Leeds
Na rejista ya mazishi ya Dalbeth? Wakatoliki wengi wa Glasgow walizikwa pale. Kama wa Govan kazikwa kwenye kaburi moja na Mary baadaye, mjadala umekwisha.

#45 BintiKorogwe
Nimeangalia. Mary yupo, 1907, kaburi la pamoja lisilo na jiwe. Owen wa 1890 simwoni. Ila siku za Februari 1890 mwandiko umefifia mno, kuna mstari mmoja unasomeka "...wen" na baada yake doa.

#46 Kibatari
Pima DNA yaishe.

#47 Mkaazi_wa_Dublin
DNA itamwambia ana ndugu Donegal. Hilo anajua. Haitamwambia nani alikohoa wapi.

#48 BintiKorogwe
Jumapili nilimpelekea mama mkwe zile picha zote, nikamweleza babu watatu kama tulivyopanga humu. Nilidhani atachagua. Alivaa miwani, akapita cheti cha Govan, akapita cha Glenties, akasimama kwenye ombi la Mary. Kidole kikashuka hadi majina ya watoto, kikakaa kwa yule wa mwisho, miaka 11. Huyo ndiye babu yake, aliyembeba mgongoni. Akasoma kwa sauti, jina na umri, mara mbili. Kisha akaniuliza kama karatasi ile maktaba wanaweza kuichapa kubwa, maandishi yasomeke bila miwani.

Anataka misa ya marehemu isomwe. Padre kauliza tarehe ya kifo. Amemwambia aweke Novemba.

#49 Nyani_Haoni
Novemba ndio mwezi alioondoka kwenye ombi la Mary. Au ni kwa sababu ya mwezi wa marehemu wote?

#50 BintiKorogwe
Sikumuuliza.

#51 Mama_Zuu
Mimi bado niko Glenties.

#52 Kaka_wa_Leeds
Mimi Govan, sihami.

#53 Mkaazi_wa_Dublin
Nimepita ofisi ya tathmini. Wana Hugh McGowan wanne. Mmoja kakatwa 1892, aliyeingia ni Bridget. Mwingine kakatwa 1894, kaingia Owen. Wa kwanza na wa pili wanapakana. Binti, kwenye cheti cha ndoa cha 1866 au ubatizo wa watoto, hakuna popote palipoandikwa kijiji?

#54 BintiKorogwe
Ubatizo wa mtoto wa pili, 1869, upo kwa Kilatini, sijaufungua kwa kuwa haukuonekana na maana. Nina krediti nne, zinatakiwa zaidi. Ngoja mshahara uingie.